Jeep Iliyokataa Kulala

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Nilikuwa ninachambua karanga, beseni ya pili, geti ikafunguliwa na jeep ikaingia mu parseli yetu. Nyeupe. Mupya. Vumbi ya njia ya Kindu mpaka ku madirisha. Nilisimama na karanga zikamwagika. Sikuziokota.

Haikuja kwa chifu. Haikuja kwa padri. Ilikuja kwa Feza, mutoto wangu wa tatu, fundi wa umeme wa magari. Kasongo nzima mwanamuke mwenye kufungua kapo ya jeep, kifuniko ya injini, iko mumoja tu, na huyo mumoja alinyonya ku maziwa haya. Ninaandika hivi kwa sababu ni kweli.

Jeep ni ya mradi wa chanjo. Feza atafunga frigo ya chanjo nyuma, itakula umeme wa batri ya gari. Ijumaa inaenda Kabambare, kisha Salamabila. Dokta mukubwa aliongea naye ku telefone: ikifika vizuri na chanjo ikiwa baridi, magari yote ya mradi, ya Kasongo na ya Kabambare, yatatengenezwa hapa kwetu. Hapa, mu parseli yangu!

Shofa ni Papa Sefu, mutu wa Kabambare. Mukubwa, mwenye heshima, lakini alimuangalia Feza kama mutu anaangalia mbuzi aliyevaa viatu. Analala kwa dada yake ngambo ya soko. Ufunguo alimuachia Feza. Feza mikono yake mafuta matupu na mifuko ya ovaroli imepasuka, akanipa mimi. Nikaufunga mu ncha ya kikwembe, ku kiuno, pale ninafungaka kila kitu cha maana. Mama yangu alifungaka pale. Hakuna kitu kilinipotea pale hata siku moja.

Ufunguo wenyewe hauna meno. Kama kijiwe cheusi. Hauingizwi mu tundu fasi yoyote. Unakuwa nao tu, unabonyeza kifungo, injini inawaka.


Jumanne, tarehe 3

Frigo imefungwa. Feza alimaliza saa kumi. Kazi safi, nyuzi zimepangwa kama nywele za bibi arusi.

Mimi nilishinda ku kivuli ya jeep, kiti yangu imeegemea mulango. Iko kivuli muzuri. Tena watu wanapita njiani, wanaona.

Jambo ya ajabu: ukiikaribia, jeep inakujua. Vioo vya pembeni vinafunguka kama masikio, taa inawaka kidogo. Inanisalimia. Nilimuita Mama Asha, jirani yangu, aje kuona. Alikuja na binti zake na wifi yake. Nikawafungulia milango, wakakaa ndani, wakagusa viti. Nikafunga. Kisha wakaja mama wa kwaya. Nikafungua tena. Mama Asha akasema, "Mama Feza, wewe leo ni gavana." Nikamujibu, "Gavana anachaguliwa. Mimi nimezaa."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Siku nzuri. Nimelala mapema, chumba changu kinagusana na jeep, ukuta tu katikati. Kikwembe chini ya kichwa.


Jumatano, tarehe 4

Jeep imekufa.

Papa Sefu alikuja saa moja kuijaribu. Akabonyeza. Hakuna. Hata taa. Batri tupu kama mutungi uliopasuka.

Feza alienda kuomba lori ya mashini ya mupunga, ikaja, wakaunganisha batri kwa batri, jeep ikawaka. Ikazunguka saa nzima ili batri ijae. Papa Sefu hakusema kitu kwa Kiswahili. Alisema ku telefone, kwa Kibangubangu, alifikiri siko ninasikia. Bibi yangu mwenye kunilea alikuwa Mubangubangu. Nilisikia yote. Alisema: jeep ilitoka Kindu muzima, imeingia mu mikono ya mwanamuke, imekufa.

Nilitaka kumujibu na mwiko. Feza alinishika mukono.

Feza hakula mchana.


Alhamisi, tarehe 5, asubui

Imekufa tena.

Na jana jioni Feza alikata nyuzi zote za frigo, ili aone kama kosa ni lake. Si lake. Hata bila frigo batri imekauka.

Papa Sefu akaita wanaume njiani waje kusukuma. Feza akasimama mbele ya jeep, mikono wazi. Akasema gari ya namna hii haiwaki kwa kusukumwa, mutasukuma mpaka Lualaba. Wakaanza kumuchokoza. "Fundi, basi uiimbie!" Mumoja akapiga mbinja. Lori ikaja tena.

Papa Sefu akasema dawa anaijua, yeye ameendesha lori miaka makumi mbili: jioni chomoa waya ya batri, asubui rudisha. Njo vile wote wanafanyaka. Feza akakataa. Akasema, "Papa, hiyo ni kufunika kidonda na shuka." Kisha ukichomoa kila siku, gari inasahau mambo yake, na frigo itabaki bila umeme, chanjo itaharibika.

Dokta amepiga. Sauti ilikuwa ya adabu, ile adabu yenye kuogopesha. Kama kesho jeep haiwaki yenyewe, inarudi Kindu kwa fundi mwingine. Na magari mengine yote yatamufuata huyo fundi.

Nina hasira. Sijui ya nani.


Alhamisi, jioni

Ninaandika polepole, ili nisiruke kitu.

Mchana Feza alinielezea akiwa ananawa mikono. Ninapenda wakati ananielezea, ananiheshimu kama mwanafunzi. Gari ya zamani ukiizima imezimika, kama jiwe. Hii ya sasa ukiizima, ni injini tu inazimika. Ndani mumebaki vichwa vidogo vingi, mumoja anafukuza wezi, mumoja anashika saa na kukumbuka namna injini ilizoea kutembea, mumoja anasikiliza kama mwenye ufunguo anakuja. Hawalali palepale. Wanaagana kwanza, kama watu wa matanga. Kisha nusu saa hivi wanalala mumoja mumoja, wanabaki walinzi tu, na walinzi wanakunywa batri kidogo sana. Inaweza kukaa wiki nyingi vile. Lakini ukigusa mulango, wote wanaamuka, wanaanza kukunywa upya.

Nikamuuliza, sasa hii yetu? Akasema hii yetu hailali. Alikaa na mashini yake ya kupima umeme asubui yote, akingoja namba ishuke. Haikushuka. "Kuna kitu kinaiamusha, Mama. Sikioni."

Nilikuwa nimekaa pale pale, mugongo ku mulango wa jeep.

Kisha nikaenda soko kununua samaki. Niliporudi Feza akanikimbilia, macho makubwa. Jeep ililala! Namba ilishuka, ikatulia saa nzima. Na sasa hivi, wakati ninafungua geti, imeamuka tena. Akageuka kuangalia jeep. Hakuniangalia mimi.

Mimi nilijiangalia. Ku kiuno. Fundo.

Niliingia mu jikoni nikakaa chini. Kisha, wakati alienda kisimani, nikatoka kujaribu. Hatua tano karibu na jeep: vioo vikafunguka. Nikarudi nyuma, nikangoja. Vikafunga. Tena. Vikafunguka. Haikuwa inanisalimia. Ilikuwa inamungoja mwenye ufunguo aingie, siku nzima, usiku kucha nyuma ya ukuta wangu. Na milango niliifungua mara ngapi, kwa Mama Asha, kwa kwaya, kwa mama wa sabuni, kwa mupwa wa katekista?

Mimi njo niliua batri. Mimi mwenye kusema nimezaa.

Sikumuambia. Nilifungua kinywa mara mbili, ikatoka habari ya samaki. Ufunguo nimeupeleka jikoni nyuma ya parseli, mbali, ndani ya mukebe wa chumvi. Kesho itawaka. Yatakwisha. Hakuna atakayejua.




Ijumaa, tarehe 6

Iliwaka. Nilimuletea Papa Sefu ufunguo, akabonyeza mara moja tu na injini ikaimba. Watu wakapiga mikono. Mama Asha akapiga vigelegele juu ya ukuta. Papa Sefu mwenyewe akasema, "Fundi, nimekupa pongezi." Sanduku za chanjo zilikuwa zimekwisha kuletwa, barafu ndani.

Nikasema mu roho yangu: Mungu ni wetu, nyamaza.

Lakini Feza hakucheka. Aliizima. Akasema jeep haitoki.

Papa Sefu alifikiri amesikia vibaya. Feza akasema, sikuitengeneza mimi. Imepona na sijui sababu, na kitu kilichopona bila sababu kitagonjwa bila sababu. Hapa kuna lori ya mupunga. Njia ya Kabambare kuna nini? Pikipiki. Papa atakwama na chanjo ya watoto wa watu mu pori, ataunganisha batri na nini, na mbuzi? Akachukua telefone amuambie dokta: nimeshindwa, itumeni Kindu.

Nilimuona anatafuta namba. Kidole kilikuwa kinatafuta jina. Mutoto wangu angejiandika mushindwa kwa mukono wake mwenyewe, kwa sababu ni mukweli, na mukweli huyo mimi nilimufundisha na fimbo ya mupera.

Nikasema, "Weka telefone."

Nilisema mbele ya wote. Papa Sefu, wanaume wa kusukuma, Mama Asha na kichwa chake juu ya ukuta. Nikaeleza kikwembe, fundo, kiti ku kivuli, kwaya, mukebe wa chumvi. Nikachukua ufunguo mukononi mwa Papa Sefu, nikaonyesha: nikakaribia, vioo vikafunguka, nikaenda mbali, vikafunga. Kila mutu aliona.

Kisha Papa Sefu akaanza kucheka, taratibu, mpaka akashika kofia yake. "Kumbe Mama njo alikuwa anakunywa batri! Na chumvi!" Wote wakacheka. Mama Asha akasema, "Gavana amekula kodi." Nilisimama nikapokea. Ilikuwa haki yangu.

Feza hakucheka. Aliniangalia muda murefu. Nilifikiri atalia ao atanitukana. Akachukua ufunguo, akautia mu mukebe, akatembea akihesabu hatua, akarudi na mashini yake. Alijaribu mbali, karibu, mbali. Saa mbili nzima. Halafu akamuuliza Papa Sefu kwa heshima: "Papa, ukilala safarini unawekaka ufunguo wapi?"

Papa Sefu akaacha kucheka. Akatoa kamba shingoni. Ufunguo wa lori yake ya zamani ulining'inia pale miaka yote. Na safarini analalaka ndani ya gari, alisema, kiti ya mbele.

Feza akasema, "Basi ungekwama hata bila mama yangu."

Akarudisha nyuzi za frigo. Akamupigia dokta, akamueleza yote, hakuficha kitu, hakunificha mimi. Dokta akauliza kama Feza mwenyewe anaweza kuongozana na jeep mpaka Kabambare, akae nayo, apime kila asubui.

Walitoka saa sita. Nilimufungia bukari ya muhogo na samaki mu majani. Hakuniaga vizuri. Alisema tu, "Mama, bakia." Aliniita Mama, nikashika hiyo.


Jumamosi, tarehe 7

Hakuna habari. Hakuna rezo ya telefone kule. Nimefagia parseli mara mbili.


Jumapili, tarehe 8

Kanisani wameniuliza kama nimekunywa batri nyingine. Nimecheka pamoja nao. Inauma kidogo tu.

Telefone bado kimya. Njia ya Kabambare ninaijua, daraja za miti, michanga. Ninamuona amelala mu kijiji cha watu, ovaroli yake imepasuka mifuko, na mimi sindano ninayo hapa.


Jumanne, tarehe 10

Feza alipiga saa tatu asubui, kutoka Kabambare. Sauti inakatika. Jeep imewaka asubui nne, mara moja moja. Chanjo iko baridi. Papa Sefu analala mu nyumba sasa, na ufunguo unalala mu nyumba ingine, mbali na jeep. Analalamika kama mutu aliyeachana na bibi yake.

Dokta amesema magari yatakuja kwetu. Yote.

Kisha akanieleza jambo lingine, nami nilikuwa nimesimama na telefone inakandamiza sikio. Dokta alimuuliza ku simu, mbele ya wauguzi wote wa Kabambare, nani aligundua kwa nini jeep hailali. Feza akajibu, "Mama yangu."

Mimi.

Mama Asha alikuwa pale ku ukuta, anauliza habari gani za mutoto. Nikamuambia, iko muzima, anafanya kazi. Akangoja niongeze. Sikuongeza.

Nimeliandika hapa tu. Sasa ninaenda kuchuma majani ya sombe.