Jumamosi za Bwana Penya

Jumamosi, 3 Mei

Taarifa kwa umma. Umma ni mimi na paka wa jirani, na paka amelala. Leo alasiri, upande wa Uganda, katika chumba cha nyuma cha hoteli ya Mama Zaina, amezaliwa shujaa. Jina: Bwana Penya. Uzito: karatasi moja. Mama na mtoto hawajambo. Mama ni mimi.

Shujaa wangu wa kwanza alikufa Jumamosi iliyopita. Kosa langu. Kwenye nguvu zake niliandika "kuruka", nikiwaza ndege. Mwalimu Apio, anayesimamia mchezo, akahesabu kuruka kama chura. Shujaa akajitupa kutoka juu ya ghala akiwa amenyoosha mikono. Mimi wakala wa forodha, mtu ninayeishi kwa kusoma karatasi za watu, nimeuawa na neno moja kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Penya anapita kwenye ukuta. Ukuta wowote. Hamisi, mchezaji mwenzangu, akasema: "Mzee, huyo si Penya, huyo ni Panya." Huku kwetu njia za panya ni zile za kukwepa forodha. Wakacheka mpaka Mama Zaina akachungulia kuona nani kaumia.

Nekesa amepiga simu jioni. Ameuliza tena huu ni mchezo gani. Nikaeleza tena. Unajitungia mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida. Unamgawia alama, nyingi hapa, chache pale. Mwalimu anasimulia hatari, wewe unasema mtu wako anafanya nini, dadu zinaamua kama ameweza. "Kwa hiyo mnakaa tu mkizungumza," akasema mke wangu. Ndiyo. Tunakaa tu tukizungumza.

Alikwenda Nairobi kumsaidia binti yetu na mapacha. Kwa muda mfupi. Muda mfupi huo sasa unatembea na umeota meno, kama mapacha wenyewe.

Kila shujaa lazima awe na udhaifu. Mahali hapo nimepaacha wazi. Apio amesema utajitokeza wenyewe.


Jumatatu, 5 Mei

Mtandao wa forodha umelala tangu asubuhi. Malori yamejipanga mpaka nje ya mji. Madereva wananiangalia kana kwamba nimeuzima mimi.

Chai na mkate. Nimejaribu sauti ya Penya mbele ya kioo. Nzito, ya kutisha kidogo. Jirani ameuliza kupitia dirisha kama nina mgeni. Nikasema ndiyo.


Jumamosi, 10 Mei

Aibu. Naiandika ikiwa bado moto.

Nilivuka saa nane. Afisa wa uhamiaji ananijua. "Leo unaenda kufanya nini, mzee?" Kuokoa dunia. Akanipungia mkono nipite. Kila wiki swali lile lile, jibu lile lile. Nikifikiria, yeye ndiye mtu anayenitania mara nyingi kuliko wote.

Adui wetu ni Bwana Foleni. Akinyoosha kidole, mstari wa malori hausogei tena milele. Apio amemtunga kwa ajili yetu, mmoja dereva, mmoja wakala. Tulimchukia tangu sentensi ya kwanza. Amejificha ndani ya mwamba wa Tororo.

Zamani tulikuwa wanne, mmoja akahamia Kampala. Tumebaki Apio, ambaye anafundisha Busitema na aliutoa mchezo huu alikosomea ng'ambo, Hamisi wa lori la saruji, ambaye shujaa wake Kreni anainua malori kwa mkono mmoja, na mimi.

Basi tumepanda mwamba. Usiku, kwenye hadithi. Walinzi wamelala. Kreni hawezi kuinua mwamba mzima, kwa hiyo kazi ni ya Penya: apite kimya kimya, akazime mtambo wa Foleni. Apio akapunguza sauti. "Mzee Wafula, uko mbele ya ukuta. Unafanya nini?"

Nikasema: "Hodi."

Naapa sikufikiria. Mama yangu alinichapa sana juu ya jambo hilo. Huingii kwa mtu bila hodi, hata kama hakuna mlango. Hamisi akalaza kichwa mezani. "Mzee, wewe nakuja na hodi kwa adui? Sasa ngoja wakuletee kiti."

Apio hakunisamehe. Walinzi wote wakaamka. Kreni akavunjwa bega. Halafu mwalimu akachukua karatasi yangu na kalamu na kujaza pale pahali wazi: Penya hawezi kupita mpaka apige hodi na aliye ndani amkaribishe.

Nguvu zote hizo, halafu asubiri kuitikiwa. Nilicheka kuliko wote. Nimecheka njia nzima hadi kwenye kizuizi cha mpakani.


Jumapili, 11 Mei

Nimetoka kanisani. Nimefungua mlango wangu na kusema hodi.

Sijui kwa nini. Ufunguo ulikuwa mkononi.

Nimepika wali mwingi kama kawaida. Bado sijajua kipimo cha mtu mmoja.


Jumamosi, 17 Mei

Apio anaondoka. Amepata kazi Mbarara, upande mwingine kabisa wa Uganda. Jumamosi ijayo ni ya mwisho.

Alisema kabla ya kutoa dadu, haraka, kama mtu anayebandua plasta. Hamisi akampongeza. Mimi nikasema, na naandika maneno yenyewe ili nisiyapambe baadaye: "Afadhali. Magoti yangu nayo yamechoka kuvuka mpaka kwa ajili ya soda."

Wakacheka. Hamisi akasema: "Mzee alikuwa nakuja kutusaidia tu. Sasa atapumzika." Apio akaitikia kwa kichwa. Amekubali. Wote wamekubali. Kumbe ndivyo wanavyojua, kwamba nakuja kuwasindikiza vijana. Nimewafundisha mwenyewe, utani baada ya utani.

Ukweli: kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa naongea na watu kuhusu saruji, mafuta ya kupikia na mabati. Jumamosi ndiyo siku mtu ananiuliza unafanya nini na kusubiri jibu.

Tulicheza vibaya leo. Foleni ametoroka mwambani na kukimbilia Busia.


Jumanne, 20 Mei

Nimeandika ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp. "Tusiache." Nikafuta. Nikaandika: "Hamisi, wewe na mimi tunaweza kuendelea, tutafute wa tatu." Nikafuta. Nikatuma picha ya mbuzi aliyepanda juu ya kabati.

Hamisi akajibu kwa vicheko. Apio akaweka kidole gumba.

Mbuzi. Mtu wa umri wangu.


Ijumaa, 23 Mei

Nimeamua. Kesho nasema. Sentensi moja tu, nimeifanyia mazoezi: mimi nauhitaji mchezo huu, tuone namna ya kuendelea. Haina utani ndani. Nimeikagua kama ninavyokagua mzigo.


Jumamosi, 24 Mei

Sikusema.

Hamisi alichelewa. Alikuja na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Lori lilikuwa limeshapakiwa, bosi anapiga simu, ana safari za Juba mfululizo. Akacheza akiwa amesimama.

Foleni alikuwa amejifungia ndani ya jumba kubwa la forodha. Apio alilisimulia vizuri mno. Feni inayolia, madirisha ya vioo yenye kile kitundu cha kupitishia karatasi, na watu wameganda kwenye mistari, wamenyoosha hati zao mbele. Kreni akavunja lango, akaingia, akanyooshewa kidole. Akaganda. Kazi ikabaki kwa Penya.

Penya akasimama ukutani. Nikapiga hodi.

Walio ndani wote, ukimtoa Foleni mwenyewe, wameganda, hawawezi kufungua midomo. Apio akanitazama. Nilijua anatafuta njia ya kunisaidia bila kuvunja sheria aliyoiweka mwenyewe. Hamisi akasema: "Mwalimu, mruhusu tu, mzee ataota mizizi pale." Akanifanya nicheke. Hapo simu yake ikalia tena, akatupa mikono, akaaga haraka haraka na kuondoka. Tukasikia lori likiunguruma barabarani.

Bila yeye Apio hakutaka kuendelea. "Tutamalizia siku moja," akasema. Akafunga kitabu. Dadu zake aliniachia mimi, kwenye kimfuko cha kitambaa. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nafasi nzuri, chumba kitupu, yeye na mimi. Nikamwambia anisalimie ndizi za Mbarara.

Alinishika mkono muda mrefu kidogo. Labda alijua. Labda ni adabu tu za watu wa kabila lake, Wajopadhola.


Jumatano, 28 Mei

Kazi nyingi. Afadhali.

Nekesa ameuliza mchezo uliishaje. Nimesema tulimaliza, tukashinda, Foleni yuko jela na malori yanatembea. Amefurahi kwa ajili yangu. "Sasa utapata muda wa kupumzika Jumamosi," akasema.

Naye pia anaamini nilikuwa nawasindikiza vijana tu.


Jumamosi, 31 Mei

Nekesa nimemwambia uongo, kwa hiyo angalau hapa niandike kilichotokea kweli. Hatukumaliza. Hatukushinda. Na leo sikupumzika.

Saa nane nilikuwa nimeshavaa viatu. Nikajiambia naenda kununua sukari, upande ule ni nzuri zaidi. Afisa hakuwa yule wangu. Msichana mgeni, akauliza naenda kufanya nini na kalamu iko tayari. Nikasema kutembea.

Hoteli ilikuwa imejaa. Chumba cha nyuma hakikuwa na mtu, meza ile ile, ila sasa juu yake kulikuwa na mkungu wa matoke na masufuria. Nikakaa kwenye kiti changu. Nikatoa dadu. Nikazirusha. Sijui zilikuwa zinaamua nini. Nikazirusha tena.

Mama Zaina aliingia kuchukua sufuria. Ni dada yake Hamisi, mkubwa, mwenye hasira za karibu. Miaka yote hii ametuita "watoto ya zamani" na hajawahi kukaa nasi hata mara moja. Akanikuta mtu mzima nacheza dadu na ndizi.

"Hamisi iko Juba," akasema. Najua. "Na yule mwalimu alienda." Najua, mama. "Sasa wewe nangoja nani?"

Nilikuwa na utani tayari. Ulikuwa umefika kwenye meno. Kitu kuhusu matoke kuwa wachezaji wazuri, hawachelewi. Nikafungua mdomo yakatoka maneno mengine, makavu, wala si ile sentensi niliyoifanyia mazoezi. Nilisema: "Mama, Jumamosi sina pa kwenda. Nyumbani hakuna mtu."

Basi. Haikuwa na kitu kingine.

Hakunihurumia, na namshukuru kwa hilo. Aliitazama saa ya ukutani. Aliutazama mkungu. Msichana wake wa jikoni anaumwa tangu jana, wateja wanapiga vijiko mezani.

"Basi kukaa," akasema. "Lakini hakuna kukaa bure. Menya."

Akanipa kisu na kipande cha gazeti cha kuwekea maganda. Sijawahi kumenya matoke maishani mwangu, Nekesa hakuniruhusu kugusa kisu. Nilianza kwa kuikata ndizi yenyewe. Mama Zaina akaniangalia, akaninyang'anya kisu, akanionyesha, paka mafuta mikononi kwanza, anza huku, telezesha, usichimbe. Mafuta nilisahau. Ya pili nikachimba. Akapita na sinia akasema ndizi yangu imeliwa na mbuzi. Akapita tena akasema sasa amekula nusu. Mara ya tatu alikaa, dakika chache tu, akavua viatu na kunyoosha miguu, akauliza hivi ule mchezo mlikuwa mnapiganaje bila kuinuka. Nikaanza kumweleza. Akaitwa mbele kabla sijafika kwenye alama. Hakurudi kusikiliza. Alirudi na mkungu wa pili.

Nilimenya mpaka jua lilipoingia kwa mlango wa nyuma. Mgongo unauma. Sikuongea sana, hakuna aliyekuwa na nafasi. Lakini watu walikuwa wanapita na kurudi, wananiruka miguu, mmoja alinitaka nisogee, mwingine akanikabidhi mtoto wake ashike kiti changu wakati anaosha mikono.

Nilipoaga, Mama Zaina hakuinua kichwa kutoka kwenye jiko. Alisema Jumamosi ijayo nije na kisu changu, chake kinataka kunolewa.

Sukari nimesahau kununua.

Utomvu wa ndizi umenipaka vidole vyote weusi. Nimejaribu sabuni, nimejaribu mafuta ya taa. Haujatoka. Nekesa akipiga kesho, nitaanzia hapo.