Bomba la Geti Tulilolipinda

MAELEZO YA SHAHIDI
Tarehe: 3 Septemba 2024, saa 3:15 asubuhi
Jina: limehifadhiwa jaladani
Umri: miaka 83
Kazi: mwalimu mstaafu, zamani mlinzi wa geti la reli
Makazi: nyumba za reli, namba 6

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Moyo wangu umechoka, na daktari hakunificha.

Mwaka 1968 niliajiriwa kwenye geti la reli pamoja na kaka wa mke wangu, tuliyemwita Filimbi kwa sababu hakuacha kupiga mluzi. Ndiye aliyenifundisha kuweka kiganja juu ya reli na kuijua treni kabla haijaonekana. Kibanda chetu kilikuwa na kiti kimoja tu. Sijacheka tena popote kama nilivyocheka mle.

Mnamo tarehe 11 Juni 1971 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza. Filimbi alinishikia zamu usiku kucha, kisha akaunganisha na yake. Kesho yake, saa 8:20 mchana, nilifika nikakuta treni imegonga lori la matofali. Bomba la geti lilikuwa juu, njia wazi. Dereva wa lori alikuwa majanini, hajitambui, lakini anapumua. Filimbi alitoka kibandani peku.

"Shemeji, nilisinzia."

Treni ilikuwa imesimama mbele, nyuma ya kona. Tulilishusha bomba, tukalipinda ionekane lori ndilo lililolisukuma. Mtaimbo niliuleta mimi, hakuniomba. Tulipomaliza ndipo tukamwinua dereva.

Katika kituo hiki hiki cha polisi niliapa kwamba geti lilikuwa limefungwa. Dereva alifungwa miaka miwili, na leseni hakurudishiwa. Sasa ni fundi baiskeli karibu na posta. Kila asubuhi hunisalimia, "Mwalimu, umeamkaje?"

Jana saa 4 asubuhi nilimwambia Filimbi kwamba ninakuja hapa.

"Ungengoja nife kwanza, shemeji."

"Nani kakwambia utanitangulia?"

Tulicheka kama zamani, mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Mwanao ana miaka mingapi sasa?"

"Hamsini na mitatu."

Hakunisindikiza mlangoni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimesomewa, na sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: (imesainiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeandika kama alivyotamka. Shahidi ameomba nakala ampelekee fundi baiskeli kwa mkono wake, kabla hatujamwita. Amekataa kupelekwa kwa gari.