Ubao wa Bandarini Umesema Kweli

Martinkatu 6,
Turku, Ufini.
27 Oktoba 1998

Mpendwa Dada Lempi,

Salamu tele kutoka huku nyumbani. Hujambo? Na shemeji Urho je, mgongo umeacha kumsumbua? Sisi ni wazima. Mama anakula vizuri na kusengenya vizuri zaidi, basi usiwe na wasiwasi naye. Theluji bado, ni mvua tu.

Dada, kaa chini kwanza. Nimeshinda! Huyu mdogo wako aliyewakatia watu tiketi za meli miaka ishirini na sita, ambaye bosi Veijo alisema hafundishiki kompyuta, amewanyamazisha wote.

Unaukumbuka ubao wa bandarini unaoonyesha saa ya sasa, saa meli inapoondoka hapa na saa itakapofika Stockholm. Tangu mwaka jana programu yake, iliyoandikwa kwa lugha ya C, iko mikononi mwangu. Sasa, kompyuta haijui Turku wala Stockholm. Inahesabu sekunde tu tangu mwaka 1970 ulipoanza kule Greenwich, na kuzigeuza ziwe saa za hapa ni kazi yako. Aliyenitangulia alifanya kama tunavyofanya sote tuliokulia kwenye meli hizi: alihesabu kwa vidole. Kiangazi ongeza saa tatu, baridi ongeza mbili, ya Uswidi toa moja. Majira yakibadilika, lazima mtu akumbuke kubadilisha namba, na kila mwaka mtu husahau.

Nikasema, upuuzi huu basi! C ina amri yake, inaitwa localtime. Unaipa sekunde, inakurudishia saa ya hapa, na majira inayajua yenyewe. Nikafuta hesabu zote za vidole ila ile saa moja ya Uswidi, nikaiuliza saa ya kuondoka, kisha nikaiuliza saa ya kufika. Nikaenda zangu sauna kuoga mvuke, nikijisifu.

Kesho yake, weh! Ubao ukaandika kwamba meli inaondoka saa kumi na mbili na robo jioni, na inafika saa hiyohiyo. Mzee Ensio, yule fundi viatu wa zamani, alisoma ya kuondoka tu, akaenda mjini kunywa kahawa. Meli ikaondoka saa tatu kasorobo asubuhi kama kawaida, na yeye akakosa ubatizo wa mjukuu wake kule Stockholm. Alikuja mpaka mlangoni kwangu.

"Mama wewe, mjukuu ninaye mmoja tu! Abatizwe mara ngapi?"

Nililia chooni, sikufichi.

Veijo akanipa mpaka Jumapili, siku ambayo nchi nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja, kiangazi kikiisha. "Ubao ukikosea tena, Bi Hilkka, kazi inahamia Stockholm na wewe unarudi dirishani kwenye tiketi zako."

Nikasoma kitabu cha C mpaka macho yakawasha. Siku ya tatu nikaliona tatizo: localtime ina bakuli moja tu! Kila ukiiuliza, inapakua jibu kwenye bakuli lilelile. Nilipouliza saa ya kufika, ilimwaga ile ya kuondoka, na mimi nimekodoa macho nikidhani nina majibu mawili. Dawa yake ni kuhamishia jibu la kwanza kwenye chombo changu kabla ya kuuliza la pili. Mstari mmoja, Dada! Nilipiga kelele mpaka Mama akadhani nimeungua.

Jumapili asubuhi ukumbi ulijaa. Mzee Ensio naye alikuwepo, amekata tiketi nyingine. Akasimama chini ya ubao na kuinua mkono wenye saa.

"Njooni muone! Umekosea tena! Huu unasema saa moja na nusu, saa yangu inasema mbili na nusu!"

Watu wakacheka. Veijo akanitazama. Lakini ule mstari nilikuwa naujua.

"Mzee Ensio," nikamwambia, "jana ulirudisha saa yako nyuma?"

Akatazama mkono, akatazama ubao. Kisha, mbele ya watu wote, akairekebisha saa yake kwa kufuata ubao wangu.

"Sawa," akasema. Kwa mtu wa Turku, hiyo ni hotuba.

Jana Veijo alileta keki ya kahawa kazini, akanikatia mimi kipande cha kwanza. "Kazi haiendi popote. Kula, mama." Nikala viwili.

Nisalimie shemeji Urho, Pirkko na wanawe, na shangazi Saimi ukimpigia simu. Mungu awalinde huko kwenye baridi yenu ya Kanada.

Ngoja, kabla sijafunga bahasha: mzee Ensio amerudi leo asubuhi na kuniletea picha. Amempakata mjukuu. Nyuma ameandika, "Saa kumi na mbili na robo jioni. Nilifika."

Mdogo wako akupendaye daima,
Hilkka