Nishani ya Babu kwenye Posa ya Hussam

Ruweida, posa ya kaka yangu Hussam imevunjika! Wallahi tena.

Unajua anavyoshinda kwenye nyaraka za kale akifuatilia ukapteni wa babu yetu jeshini enzi za mkoloni. Leo wazee wakiposa, yeye, ambaye hakutakiwa hata kufungua kinywa, akajisifu: "Babu alipewa nishani kwa kuzima mgomo wa wafanyakazi pale Makupa!"

Kuzima mgomo! Mbele ya wakwe!

Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Bi Mwanakuu, nyanyake bibi harusi, akapaza sauti hadi kwa wanaume: "Mume wangu alipigwa risasi akafa kwenye mgomo huo."

Halua yetu wameirudisha bila kuguswa.

Njiani Hussam akalia, "Mama, mimi sikujua mumewe alikuwemo."

Mama akamjibu, "Mimi nilijua. Nilitaka muoane kwanza, ndipo yajulikane."