Mahali Palipoandikwa Hapana

Jumanne, 3 Septemba 1996

Nimetoka Mikese, kwenye machimbo ya mawe. Kampuni mpya imeyanunua, inataka mlinzi wa stoo ya baruti. Vijana tisa niliosimama nao – nikachaguliwa mimi, mzee. Kiwanda cha umma nimekilinda miaka ishirini na mbili mpaka kikauzwa. Nani atanifundisha geti? Umebaki upekuzi tu. Baruti haishikwi na mtu asiyechunguzwa. Fomu ndefu, Kiingereza kitupu. Atanijazia mpwa wangu Chausiku, mwalimu.

Jumamosi, 7 Septemba

Chausiku ametoka Mkuyuni asubuhi. Anasoma, najibu, anaandika. Tukafika pa kuuliza kama niliwahi kuadhibiwa kazini. Kalamu ikasimama. Mjomba, na hapa? Nikamwambia andika hapana. Mimi Sufiani niadhibiwe na nani? Akaandika. Mwisho ikatakiwa sahihi ya aliyenijazia. Akaweka, na jina la shule yake.

Ile ya themanini na nne siihesabu. Niliacha geti mchana, nikapanda mlimani kumtoa mwali. Mwali mwenyewe huyu huyu Chausiku. Mwali hatolewi mjomba hayupo. Funguo zikawa mfukoni mwangu, malori yakasubiri nje mpaka jioni. Hakikuibwa kitu. Barua ya onyo, basi.

Jumatano, 11 Septemba

Rehani amekuja, wala hakukaa. Tulilinda wote kiwandani, nikamwandika awe mdhamini wangu. Kumbe mpekuzi, bwana Jackson, amefika kwake jana. Rehani amemwambia yote. Na faili la zamani bwana huyo analo – eti nilifikiri kiwanda kikiuzwa na karatasi zinakufa?

Nikamwita msaliti.

Akasema, "Siku ile ulikuwa unakula pilau ya mwali, mimi nimesimama getini bila ufunguo, madereva wananitukania mama. Leo nikushikie na uongo?"

Alhamisi, 12 Septemba

Sikutoka. Chai imepoa hapo hapo.

Ijumaa, 13 Septemba

Ofisini kwa bwana Jackson. Kijana, lakini alianza na shikamoo. Akaweka ile barua ya onyo mezani, sahihi yangu chini, herufi kubwa kama za mtoto.

Akasema taratibu. "Mzee wangu, kosa hili dogo, tena la miaka kumi na miwili. Ungeliandika, ningekupitisha. Lakini baruti ikipungua stoo, wewe utaniambia?"

Jibu nilikuwa nalo. Mdomo ukatoa jingine. Nikasema yule mtoto ndiye aliyekosea kuandika, mimi Kiingereza sijui.

Akanitazama sana. Akasema mwalimu wa serikali akijaza uongo kwenye fomu hii, kazi yake iko hatarini. Nina hakika na ninalosema?

Nikasema ninayo.

Akaandika jina la Chausiku kwenye karatasi nyingine. Mjomba mzima mimi. Nimerudi kwa miguu mpaka stendi, sikuamkia mtu.

Jumapili, 15 Septemba

Chausiku amekuja kulala hapa. Mwalimu mkuu amempa barua, kesho saa tatu awe kwa bwana Jackson. Haikusema la nini. Ameniuliza, mjomba, wananiitia nini?

Nimesema labda wanataka kujua tabia yangu.

Akacheka. Basi nitakusifu mpaka wachoke, akasema.

Yuko uani anapiga pasi gauni la kesho. Mkaa umemwishia, ananiita nimpelekee. Nimeitika nakuja. Ameita tena. Bado naandika.