Goli Letu Linazidi Kushuka

Jumapili

Na huyo refa naye! Kabla ya mechi alisimama golini kwangu, akainua mkono, akashika mwamba wa juu bila hata kuruka. "Kipa, hii ni goli ama ni boma ya mbuzi?" Uwanja mzima ukacheka.

Eti sisi ni timu ya kulipwa. Londiani tulifukuzwa, uwanja ukapandwa viazi. Kedowa tukafukuzwa na watu wa krusedi, waliotaka uwanja wa kuhubiria. Sasa tuko hapa Siongiroi, na wenye ng'ombe wameshaanza kulalamika kwamba tumekalia malisho yao. Kila tukihama tunabeba milingoti yetu ya goli, ya mkaratusi.

Jioni nimemuuliza Mzee Koech, anayetunza vifaa vya timu, kwa nini milingoti imefupika. Hakuona haya hata kidogo.

"Kuchimbua ni kazi, kijana. Mimi hukata tu hapo chini na msumeno. Tukifika kwingine, naichimbia tena."

Kwa hivyo kila tukihama, goli linashuka. Na mimi kila msimu nasifiwa kwamba nimeimarika, kwamba mipira ya juu hainipiti! Mama amebandika picha yangu sebuleni, kando ya Yesu.

Refa ameturuhusu leo tu. Jumamosi lazima pawe na milingoti ya chuma, urefu kamili. Nimejaribu kugusa fremu ya juu ya mlango wa kanisa, ulio na kimo cha goli kamili. Sijafika.

Ee Mungu, wenye ng'ombe watufukuze kabla ya Jumamosi. Wakichelewa, msumeno wa chuma nitanunua mwenyewe.