Ukishauma Mkate

Jumapili, 4 Agosti

Wiki ya tatu hapa Huayllapata. Baridi! Kwetu Chiclayo ni joto na bahari. Huku milimani hata maji ya kunawa yanauma. Lakini watu wake — wakarimu ajabu. Leo mwenye nyumba wangu, Bi Saturnina, kaja na mkate mkubwa wa duara na kikombe cha pombe ya mahindi. Nimekula palepale mlangoni. Kipande nikamtupia mbwa wake. Bi Saturnina akanikumbatia hadi mbavu zikalia.

Jumatano, 7 Agosti

Mkate tena! Safari hii Mzee Eleuterio, kiongozi wa wacheza ngoma, kaniletea hadi kazini, duka la dawa. Nilikuwa na njaa. Nimeumaliza wote. Kwa mwendo huu mwakani sipiti mlangoni.

Jioni Mama kapiga simu. Tarehe nane Septemba anatimiza miaka sabini. Bata keshamnunua, yuko uani anapiga kelele. Nimemwapia nitakuwepo. Tangu nihame anakula peke yake. Halalamiki, ila kwenye simu nasikia kijiko chake kikigonga sahani, na hakuna sauti nyingine.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekwisha! Bi Saturnina kaniuliza siku ya sikukuu ya Bikira nitaanza kumenya viazi saa ngapi. Viazi gani? Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesinzia darasani. Kumbe huku mwenye shughuli akikuletea mkate, anakuomba mkono wako. Ukiuma, umekubali. Yeye ndiye anayelisha wageni mwaka huu — magunia ya viazi, na simbilisi wa kuchoma wasiohesabika.

Na ule wa Mzee Eleuterio?

"Huo wa kucheza. Ulikula kiasi gani?"

Wote.

"Basi utacheza mpaka miguu ikukatae, binti."

Nikajitetea kwamba mkate wake yeye mbwa alikula sehemu. Akacheka hadi akakaa chini. "Na yeye atamenya!"

Mimi sikucheka. Sikukuu ya Bikira ni tarehe nane Septemba.

Jumatatu, 26 Agosti

Usingizi sina. Nikiwakatalia, hapa nitaishi vipi? Dawa watanunua, salamu sitapata. Na Mama — nina mama wangapi?

Leo nimejitia ujanja. Nimenunua mkate sokoni, mkubwa kuliko ule, nikampelekea Mzee Eleuterio ili tuwe tumemalizana. Akaupokea kwa mikono miwili. Akauma! Akatafuna taratibu, akafuta sharubu.

"Haya, nimekubali. Una shughuli gani?"

Kumbe mkate haurudishwi, unazaa tu. Nikajikuta nasema: mama yangu, miaka sabini, siku hiyohiyo.

Akapiga paja. "Si umlete! Tarumbeta zote zitampigia."

Bi Saturnina naye kaafiki. Asubuhi mimi ni wake, mchana wa Eleuterio, jioni wa Mama. Wamenigawana kama kuku wa sikukuu. Lakini nimefurahi. Kweli nimefurahi!

Alhamisi, 29 Agosti

Nimempigia Mama, nimemweleza yote, nimemwomba aje. Akasema: kwa hiyo yeye, mama mzazi, kashindwa na mkate. Akakata simu.

Nimelia dukani. Mteja mmoja akanishauri nijaribu dawa ya mafua.

Jumamosi, 7 Septemba

Mama hapokei simu. Jirani yake anasema nyumba imefungwa tangu jana, na bata hasikiki. Kamchinja? Kenda kwa nani?

Kesho ana miaka sabini na mimi nimekaa huku najaribu viatu vya ngoma. Vinabana. Acha vibane. Nimemkosea.

Jumapili, 8 Septemba

Tumemenya tangu alfajiri, vidole vimekuwa vyeusi. Mbwa kalala juu ya maganda. Sasa niko dirishani jikoni nimevaa sketi za ngoma, moja juu ya nyingine. Bi Saturnina katoka nje kuniazimia pini. Simu ya Mama bado imezimwa. Tarumbeta zimeanza kule kanisani —

Mama! Yuko getini! Kishali chake chembamba cha pwani, anatetemeka, kapu mkononi — na shingo ya bata imechomoza! Njia yote ile kwenye basi, na bata!

Bi Saturnina kamkuta hapohapo. Mama anafoka, nasikia hadi huku: anamtaka huyo mwenye mkate uliomwiba mtoto wake, amtie machoni. Bi Saturnina anamvua Mama kile kishali, anamfunika shali lake la sufu. Sasa anapapasa kwenye mfuko wa aproni. Ee Mungu wangu. Anatoa mkate. Jana kaapa kulisha wageni na mwakani, keshaanza kugawa mikate ya kuomba mikono!

"Umetoka mbali, mama. Una njaa wewe."

Mama anaugeuza. Anaunusa. Hajui! Nikifungua dirisha nikapiga ukelele mmoja tu, atausikia. Mzee Eleuterio ananiita huko nje, zamu yetu imefika. Mkono uko kwenye komeo la dirisha.

Nataka abaki. Sifungui.

Ameuma. Anamega kipande, anampa bata.